Kwenda Kula na Chupa Yako Pembezoni mwa Malindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimebeba sinia miaka mingi katika mikahawa ya Malindi, ya Waitaliano na ya Waswahili, kabla ya kuanza kuwapangia watu chakula cha jioni. Simu zikianza kulia mwezi wa Desemba, wa kwanza kupiga ni wa Nairobi, na swali lao ni moja: "Pale tunaweza kuja na waini yetu?" Jibu langu huanza na "inategemea jikoni ni kwa nani." Maelezo ni haya.

Hii desturi ya mteja kuja na chupa yake imetoka wapi?

Huku kwetu si desturi ya zamani. Imeshamiri Marekani na Australia, na chanzo chake ni leseni. Katika jimbo la New Jersey, kwa mfano, kila mji hupewa leseni moja ya kuuza vileo vya kunywewa palepale kwa kila wakazi 3,000. Leseni zikiisha zimeisha, na anayeuza yake hutaka dola laki kadhaa. Mpishi mwenye meza kumi atazitoa wapi? Anafungua mkahawa bila baa, anawaambia wateja waje na chupa zao. Ndiyo maana mikahawa ya aina hiyo imejaa viungani, kwenye kodi nafuu, New Jersey na ng'ambo ya mto upande wa Philadelphia. Sheria ya New Jersey huruhusu waini na bia tu, tena mwenye mkahawa haruhusiwi kukutoza hata senti kwa kukufungulia.

Malindi mambo ni mengine. Hapa wengi wasiouza pombe hawaiuzi kwa sababu ya dini, na kwao hata iletwe na mteja haikubaliki. Ukilisahau hilo utaaibika mlangoni.

Kwa hiyo ni mikahawa gani inayokubali?

Kuna makundi matatu, na hata mtu akiwa mgeni ataweza kuyatofautisha.

La kwanza ni mikahawa ya Waislamu: Shella ya mji wa kale, karibu na Msikiti wa Juma, na sehemu kubwa ya Mambrui. Hapa usiulize. Si kwamba watakukaripia. Watakujibu kwa upole uliokunjwa uso, na wewe ndiye utakayekula biriani yako umeinamisha kichwa. Nimeona mgeni akitoa chupa kwenye mkoba na kuiweka mezani, weita akachukua kitambaa akaifunika kama mtu anayefunika maiti, kisha akaomba kwa adabu irudi mkobani. Bilauri za jikoni hizo zina wenyewe, wala hawataki ziguswe na pombe.

La pili ni mikahawa mikubwa yenye baa. Hawa wana leseni, wana orodha ya waini, na faida yao iko kwenye chupa kuliko kwenye tambi. Wengine hukubali uje na yako kwa ada, wengine hukataa kabisa. Wana haki.

La tatu ndilo ninalolipenda: jikoni ndogo za pembezoni. Mpishi aliyewahi kupikia Waitaliano miaka ishirini sasa ana meza tano uani kwake upande wa Casuarina. Au mama wa Kigiriama huko Ganda, au njia ya Kakuyuni, anayechinja kuku ukishapiga simu. Hawana baa, hawana kizuizi cha dini, na mteja akija na chupa yake wanafurahi kwa sababu atakaa zaidi na kuagiza zaidi.

Nitajuaje kama wanakubali?

Piga simu. Usitume ujumbe, kwa kuwa ujumbe utajibiwa "karibu" na "karibu" ya Pwani si ruhusa ya kitu chochote, ni salamu. Mimi huzungumza hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba, hujambo?"

"Sijambo. Tuko sita, tungependa kuja Jumamosi saa moja usiku. Kuna ruhusa ya kuja na kinywaji chetu?"

"Kinywaji gani?"

"Waini, chupa mbili."

Kisha nanyamaza. Akijibu upesi, mambo yako sawa. Akisema "ngoja nimwulize mwenyewe," basi huenda mwenyewe ni mumewe au mwenye kiwanja, na hapo afadhali utafute kwingine mapema. Akisema "njooni tu, tutaona," usiende na waini. Hiyo ni "hapana" iliyovaa buibui.

Sheria inasema nini?

Mimi si wakili. Ninachojua ni kwamba Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010 inamtaka anayeuza pombe awe na leseni, na inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Tangu ugatuzi uanze 2013, leseni hutolewa na kaunti, kwetu ni Kilifi. Mwenye mkahawa asiye na leseni asikuuzie hata bia moja, na wengi huogopa pia kupokea pesa za "kufungua chupa" kwa jina hilo, maana askari akija hataki kusikia tofauti ya kuuza na kufungua. Ukiona kwenye bili kuna "huduma" iliyoongezeka kidogo, lipa na usiulize.

Ada ya kufungua chupa ni kiasi gani?

Katika mikahawa yenye leseni nimelipa shilingi 500 na nimelipa 1,000, zote kwa chupa. Uani kwa mama hakuna ada, lakini usiondoke bila kuacha kitu. Mara nyingi mimi humwachia mpishi bilauri moja ya waini ikiwa anakunywa, na hapo ndipo anapotoka jikoni, anaketi, na kuanza kusimulia vile alivyojifunza kupika.

Mbona Malindi kuna waini nyingi kuliko miji mingine ya Pwani?

Waitaliano. Walianza kuja kwa wingi baada ya kituo cha San Marco, chao cha kurushia roketi, kujengwa Ngomeni, kaskazini ya mji, katika miaka ya 1960. Kutoka jukwaa lile la baharini ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri. Roketi ya mwisho ilirushwa 1988, pizza ikabaki. Ndiyo sababu mtoto wa Malindi anaweza kukuhesabia moja hadi mia kwa Kiitaliano, na ndiyo sababu kwenye rafu za maduka ya Barabara ya Lamu utakuta chupa za Italia kando ya mchele na mafuta ya kupikia.

Wewe mwenyewe hupenda kwenda wapi?

Majina sitaji, maana mkahawa wa meza tano ukitajwa leo, kesho umejaa na mpishi amepandisha bei. Lakini nitakuelekeza.

Nje kidogo ya Casuarina kuna bwana mmoja anayekanda tambi kwa mkono na kuzipika na kaa. Humvunja kaa mbele yako kwa mchi, taratibu, asije akasaga magamba ndani ya nyama. Mchuzi wake una nyanya, kitunguu saumu na pilipili moja nzima isiyopasuliwa, ambayo huitoa kabla ya kupakua. Hapo ndipo chupa ya waini nyeupe inapopata kazi yake.

Ukishuka kusini hadi Dabaso, ukingoni mwa ghuba ya Mida, wenyeji hufuga kaa mikokoni na kuwapika. Sambusa za kaa huliwa jua likitua, maji yakipwa au yakijaa chini yako. Masuala ya chupa huko uliza kwanza kama kawaida.

Na upande wa bara, Ganda, kuna uani wa mama ninayemwendea kila mwezi. Kuku wa kienyeji wa nazi, sima, mchicha wenye tui, na mwembe mkubwa juu ya meza. Msimu wa maembe yanaangukia sahanini, usishtuke.

Waini gani inaenda na chakula cha Pwani?

Tusidanganyane: chakula chetu hakikupikwa kwa ajili ya waini. Nazi ni nzito, ukwaju ni mkali, pilipili ni moto. Waini nyekundu yenye ukakasi, ile inayokukausha ulimi, ikikutana na pilipili inachoma mara mbili. Wengi hudhani nyekundu ndiyo ya kujionyesha, wakaja nayo kwa samaki wa kupaka, wakabaki wanakunywa maji.

Samaki wa kupaka anachomwa kwanza kwenye makaa, kisha anapakwa tui zito lenye bizari na ukwaju au ndimu. Anahitaji waini nyeupe yenye uchachu wa kupambana na lile tui. Chenin Blanc ya Afrika Kusini inafaa sana, na ni rahisi kuipata kwa sababu ndiyo zabibu inayopandwa kuliko zote nchini humo. Sauvignon Blanc pia ni nzuri, hasa kwa pweza wa kuchoma na ndimu. Kamba wa nazi wanataka kitu chenye utamu kidogo. Nguru wa kukaanga, na chumvi na pilipili tu, ataenda na nyeupe yoyote iliyo baridi.

Pilau ya mbuzi ndiyo nafasi ya nyekundu, lakini nyepesi, tena ipoozwe kidogo. Usiniambie eti nyekundu hunywewa kwa "joto la chumba." Chumba kinachozungumziwa ni cha Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Malindi mwezi wa Machi ni nyuzi 30 na zaidi, na waini ya joto hilo ina ladha ya sharubati iliyosahauliwa juani.

Ukitaka kumshangaza mgeni, tafuta Leleshwa, ambayo ni waini ya Kenya, kutoka Bonde la Ufa.

Nitaibebaje bila kuharibika na joto?

Hapa ndipo pesa za watu zinapomwagika. Chupa inakaa nusu saa kwenye tuktuk inayopigwa na jua, au kwenye buti la gari lililoegeshwa sokoni, na ikifika mezani imechemka. Beba kwenye boksi la barafu, au ukikosa, ifunge kanga iliyoloweshwa maji na uiweke mahali pa upepo. Bibi zetu walipooza maji kwenye mtungi kwa ujuzi huo huo.

Ukifika na chupa bado ya moto, usiombe barafu peke yake. Omba ndoo, barafu, maji, na konzi mbili za chumvi. Maji hugusa chupa pande zote, chumvi hushusha joto chini zaidi ya barafu tupu, na ndani ya robo saa hivi chupa iko tayari. Chumvi si tatizo kwetu, inatengenezwa hapo Gongoni. Barafu ndiyo mtihani. Jikoni nyingi za pembezoni hazina friza ya uhakika, na umeme ukikatika umekatika. Mimi hununua yangu kwa wauza samaki.

Nimesahau kizibuo. Nifanyeje?

Nunua waini yenye kifuniko cha kuzungusha, na suala limekwisha. Ukishikilia yenye kizibo, beba kizibuo chako, usitegemee jikoni.

Nilijifunza hivyo kwa aibu. Tulikuwa wanane, sherehe ya kuzaliwa kwa rafiki, uani kwa mama fulani. Nikatoa chupa, nikatafuta kizibuo mfukoni, hakipo. Mwanawe akajaribu kwa kisu, kizibo kikavunjika nusu. Mama akatoka jikoni, akaitazama ile chupa kama anavyotazama nazi mbovu, akageuza upawa na kukisukuma kizibo ndani kwa mpini wake. Waini ikaruka hadi kwenye shati langu jeupe. Iliyobaki ilikuwa imejaa vipande, basi akaenda kuchukua kifumbu, kile cha kukamulia tui, akaichuja ndani ya jagi. Tulikunywa waini nyekundu yenye harufu ya nazi. Mgeni mmoja kutoka Nairobi alisema ni nzuri kuliko ilivyokuwa kwenye chupa, na sijui mpaka leo kama alikuwa anatania.

Naweza kuja na mnazi badala ya waini?

Unaweza, na kwa Wamijikenda mnazi, yaani tembo la nazi, ndio waini yenyewe. Unalewesha kwa wakati wake, una msimu wake, una mafundi wake. Kwenye mahari na mashauri ya wazee wa Kigiriama, kibuyu cha mnazi kilikuwa sehemu ya mazungumzo kabla hata chupa ya kwanza ya Italia haijafika.

Lakini mnazi haungoji. Mgema hupanda asubuhi na jioni, na utomvu huanza kuchacha ungali kwenye kibuyu kule juu, bila kutiwa hamira. Wa asubuhi ni mtamu. Jioni una makali. Kesho yake ni siki, na siki ya mnazi ni nzuri kwa achari, si kwa karamu. Kwa hiyo ukitaka wa chakula cha jioni, uchukue kwenye mangwe, panapouzwa mnazi, siku hiyo hiyo. Onja kwanza: mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na siku hizi hata asiyesifiwa hutia.

Usiufunge kabisa. Kijana mmoja alileta lita tano kwenye dumu lililokazwa kifuniko, tuktuk ikapita kwenye mashimo ya njia ya Kakuyuni, na dumu likalia kama tairi. Dereva alisimamisha akidhani ni bomu. Legeza kifuniko, au ziba kwa majani kama wagema wanavyofanya.

Na samaki? Naweza kuja na samaki wangu?

Hili naona ndilo swali zuri kuliko la waini. Ndiyo, na hapa hata jikoni za Waislamu zinakukaribisha. Nenda wavuvi wanaposhusha asubuhi, chagua changu au tewa mwenye macho angavu na matamvua mekundu, umpeleke kwa mpishi kabla ya saa nne. Patana naye bei ya kupika pamoja na wali na kachumbari. Tafi wadogo wakaangwe, kolekole apakwe, pono mimi simpendi.

Kumbuka majira. Kaskazi, Desemba hadi Machi hivi, bahari ni shwari na samaki ni tele. Kusi ikishika, kuanzia Aprili, mawimbi yanachafuka, mitumbwi inabaki nchi kavu na bei inapanda. Usimpigie mpishi Julai ukitaka kambakoche wa watu kumi.

Ramadhani je?

Acha chupa nyumbani, hata kwa mikahawa inayokubali siku nyingine. Badala yake nenda wakati wa futari ule mbaazi, viazi karai, na maji ya ukwaju. Hutakosa chochote.

Kwenye kundi letu kuna wasiokunywa. Walete nini?

Madafu, na usiyapoteze kwa kuyatia barafu. Maji ya ukwaju au ya mabungo ukipata. Tena msiwaweke pembeni mwa meza kama watoto, wala wasibebeshwe mchango wa chupa ambazo hawakuzigusa. Nimeona ugomvi wa bili ukivunja urafiki wa miaka.

Tunaweza kuchukua chakula na chupa tukale ufukweni?

Mahali pengine ndiyo, lakini angalieni mlipo. Mbuga ya Bahari ya Malindi imehifadhiwa tangu 1968, na tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki ya kutumia mara moja hairuhusiwi katika maeneo yanayolindwa, fuo zikiwemo. Hakuna vikombe vya plastiki, hakuna sahani za kutupa, wala chupa za maji za plastiki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini kote tangu Agosti 2017. Beba vikombe vya bati. Bilauri za kioo usizipeleke mchangani. Kioo kikivunjika hapo, atakayekikanyaga ni mvuvi wa alfajiri.

Chupa ngapi zinatosha?

Chupa moja ya mililita 750 hutoa bilauri tano za kawaida. Watu sita, chupa mbili au tatu. Zaidi ya hapo mpishi anaanza kutazama saa.

Tutarudije?

Kipimo cha pumzi barabarani ni mikrogramu 35 za pombe kwa mililita 100 za pumzi, na bilauri mbili tatu zinaweza kukufikisha. Patana na dereva wa tuktuk tangu mwanzo kwamba atarudi saa nne, na umlipe nusu tu. Ukimlipa yote, hutamwona. Njia ya Ganda usiku haina taa, na bodaboda si chombo cha mtu aliyekunywa kupakiwa nyuma.

Chupa tupu niziache?

Ziache, hasa zenye kizibo. Mama wa Ganda huziosha kwa maji ya moto na mchanga, akazianika kwenye uzio shingo ikiwa chini, kisha hujaza mafuta ya nazi anayoyapika mwenyewe. Nyingine huchukuliwa na warina asali wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke. Mwezi uliopita alinipa chupa ya mafuta ambayo bado ilikuwa na karatasi ya waini niliyomletea Pasaka.